Kwa Nini Msomaji Husadiki Mapenzi ya Kubuni

Wapenzi wa riwaya ni watu ambao hawakuwahi kuishi. Msomaji analijua hilo tangu ukurasa wa kwanza, na bado akifika katikati ya kitabu huweza kusema kwamba mapenzi ya wahusika hawa yamemwingia, au kwamba hayaamini hata kidogo. Hukumu hiyo ina jambo la kushangaza. Anayeikubali au kuikataa habari ya gazeti anapima kama jambo lilitokea. Msomaji wa riwaya hana cha kupima kwa namna hiyo, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Je, mapenzi ambayo hayakuwapo husadikika kwa kipimo gani? Jibu linategemea swali jingine, la zamani zaidi: mtu humpenda mtu kwa sababu gani? Kila mwandishi anayebuni wapenzi huwa amekwisha kulijibu swali hilo, awe anajua au hajui.

Ukweli na kusadikika

Mjadala huu ulianza na Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha Poetika alieleza kwamba kazi ya mtunzi ni kusimulia yanayoweza kutokea, kwa uwezekano au kwa ulazima, na kwamba yaliyotokea ni kazi ya mwanahistoria. Akaongeza kuwa katika utunzi jambo lisilowezekana lakini linalosadikika ni bora kuliko linalowezekana lakini halisadikiki. Kauli hiyo inamnyima mwandishi utetezi mmoja unaopendwa sana. Akiambiwa kuwa wapenzi wake hawaaminiki, hawezi kujibu kwamba hivyo ndivyo wazazi wake walivyokutana. Huenda walikutana hivyo kweli. Lakini maishani tukio halihitaji kibali cha mtu ili litokee, na hadithini linahitaji kutokana na yaliyotangulia.

Karne ya 20 ilileta swali la jirani. Mwaka 1975 mwanafalsafa Colin Radford aliuliza inawezekanaje mtu asikitishwe na yaliyomfika Anna Karenina, mhusika wa Tolstoy, huku akijua kwamba hakuna mtu wa jina hilo aliyeteseka. Yeye aliona kuwa hisia hiyo ni ya kweli lakini inajipinga yenyewe. Kendall Walton, mwaka 1978, alijibu kwamba msomaji hushiriki mchezo wa kujifanya wenye kanuni zake, na hisia zake ni sehemu ya mchezo huo. Mjadala huo ni wa hisia, nao haumalizi suala la usadikifu. Mtu huweza kutokwa na machozi kwa hadithi asiyoiamini, na huweza kusadiki kabisa mapenzi yasiyomgusa. Kusadiki mapenzi ni kukubali kwamba watu hawa wawili, kwa jinsi walivyo na kwa yaliyowapata, wangependana hivi.

Kupenda kwa sababu ya sifa

Jibu la kwanza la kwa nini mtu hupenda ni kwamba anapenda sifa. Katika Karamu, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, Socrates anasimulia mafunzo aliyopewa na mwanamke mwenye hekima, Diotima. Mpenzi huanza kwa uzuri wa mwili mmoja, akapanda hadi uzuri wa miili yote, kisha wa roho, wa sheria na wa elimu, mpaka aufikie Uzuri wenyewe. Mwaka 1973 mwanafalsafa Gregory Vlastos aliipinga ngazi hiyo akisema kwamba kinachopendwa hapo ni ubora uliomo ndani ya mtu, na mtu mwenyewe hupotea njiani.

Upungufu huo unaonekana wazi katika hadithi. Ushairi wa Kiswahili, kama wa Kiarabu na wa Kiajemi, una desturi ya kumsifu mpendwa kiungo kwa kiungo, kuanzia nywele hadi nyayo. Katika shairi desturi hiyo inafaa, maana shairi la sifa halidai kueleza chanzo cha mapenzi. Linasherehekea yaliyokwisha kuwapo. Mwandishi wa riwaya akiihamisha na kuifanya sababu, msomaji anabaki na orodha. Ikiwa Yusufu anampenda Asha kwa macho yake, sauti yake na upole wake, basi pacha wa Asha angetosha vilevile, na mwanamke mpole kuliko Asha angefaa zaidi. Hakuna anayependa anayefikiri hivyo. Orodha ya sifa humfanya msomaji asadiki kwamba Asha anavutia, na hapo ndipo inapokoma.

Hoja hii iliwahi kutolewa karibu miaka 1,000 iliyopita. Ibn Hazm, mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Córdoba mwaka 994, aliandika risala yake ya Tawq al-Hamama, yaani kidani cha njiwa, yapata mwaka 1022. Alisema kwamba kama uzuri wa sura ndio ungekuwa chanzo cha mapenzi, asiye mzuri sana asingependwa, ilhali wengi humchagua aliyepungukiwa, wakijua fika kwamba yuko aliyemzidi, na nyoyo zao hazibanduki. Na kama chanzo kingekuwa kufanana tabia, mtu asingempenda asiyeafikiana naye. Kwa hiyo chanzo lazima kiwe ndani ya nafsi yenyewe.

Kupenda pasipo sababu

Jibu la pili ni kwamba mapenzi hayana sababu inayoweza kutajwa. Ibn Hazm aliyaona kuwa ni kuungana kwa sehemu za nafsi zilizotawanyika. Katika Karamu ya Plato, Aristophanes anatoa ngano inayokaribiana na hayo, ya wanadamu waliokatwa vipande viwili na Zeus, kila kipande kikawa kinamtafuta mwenziwe. Anayesema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba fulani na fulani wameandikiwa yumo katika fikra hiyo hiyo.

Fikra hii inamwepusha mwandishi na orodha, lakini inamtia katika shida ya pili. Tukio lisilo na chanzo ndilo hasa lile ambalo Aristotle alilikataa. Wahusika wanagongana sokoni, macho yanakutana, na ukurasa unaofuata kila mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Ibn Hazm mwenyewe, pamoja na imani yake kuhusu nafsi, alikiri kuwa anawastaajabia wanaodai kupenda kwa mtazamo wa kwanza, na kwamba kwake jambo hilo ni aina ya matamanio tu. Mapenzi ya kweli, kwa maoni yake, huingia baada ya kuzoeana kwa muda mrefu. Hata hivyo alijua kuyatambua kwa nje. Katika alama za mapenzi alianza na jicho, ambalo humfuata mpendwa popote anapogeuka kama kinyonga anavyolifuata jua.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni muda, yaani wapenzi wapewe miezi mingi zaidi. Shakespeare anaonyesha kuwa hesabu ya siku haitoshi kuwa kipimo. Shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambalo ndilo chanzo chake, linawapa Romeo na Juliet miezi kadhaa. Yeye aliyakusanya yote ndani ya siku chache. Badala ya muda akaweka mambo mawili. Kwanza, Romeo anaingia akiwa anamlilia msichana mwingine, Rosaline, kwa maneno ya kuazima, kwa hiyo hadhira inaijua pupa yake kabla haijamwona Juliet, na padri anamkemea waziwazi kwa kugeuka upesi hivyo. Pili, Juliet anamjibu. Anamkatiza anapoapa, anamuuliza amefikaje pale, anamtaka aseme nia yake kuhusu ndoa. Uharaka haufichwi, unakuwa tabia ya wahusika, na kila mmoja anamsikia mwenzake.

Kupenda kama historia

Jibu la tatu linaondoa mvutano kati ya mawili ya kwanza. Mwanafalsafa Niko Kolodny, katika makala ya mwaka 2003, alitetea kwamba mapenzi yana sababu, na sababu yenyewe ni uhusiano ambao watu wawili wamekwisha kuujenga. Pacha wa Asha hatoshi kwa kuwa hakuwapo. Sifa zinaweza kumfanya mtu asogee. Kinachomfanya abaki ni yale yaliyopita kati yao. Maelezo haya yana tatizo lake katika falsafa, kwani hayasemi vizuri jinsi uhusiano unavyoanza. Kwa mwandishi, hata hivyo, ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa sababu historia ni kitu ambacho hadithi inaweza kukijenga mbele ya macho ya msomaji. Msomaji akishuhudia historia hiyo, naye anakuwa na sababu zilezile walizo nazo wapenzi.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha tofauti. Mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga anapeleka baiskeli yake kwa fundi. Katika toleo la kwanza msimulizi anasema kwamba fundi alimpenda kwa uzuri na heshima yake, na mwalimu alimpenda fundi kwa uchapakazi wake. Katika toleo la pili hakuna neno kupenda. Fundi ameona kwamba upindo wa baibui la mwalimu una madoa ya grisi. Siku ya kuichukua baiskeli, mwalimu anakuta cheni imefungiwa kava ambayo hakuiagiza. Anauliza bei.

"Ya pancha tu, Mwalimu."

"Na hii?"

"Hiyo ilikuwapo hapa."

Wiki iliyofuata mwalimu anamwona akilishika daftari la madeni mbali na uso, mkono umenyooka. Anamwambia, "Fundi, kapime macho," na siku nyingine anamuuliza kama alikwenda. Kwa kurasa nyingi wanaitana Fundi na Mwalimu, kama mtaa mzima unavyowaita. Siku mmoja atakapomtaja mwenzake kwa jina lake, msomaji atashtuka bila kuambiwa ashtuke. Toleo la pili halina sifa nyingi kuliko la kwanza, lakini lina matendo ambayo wengine wawili wasingeyafanya kwa namna hiyo, na kila tendo limeongezwa juu ya lililotangulia.

Riwaya za Kiswahili zina mifano ya kutosha. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, Rehema aliyezaliwa katika nyumba ya mwenye mali anaishia kuunganisha maisha yake na Sulubu, mkulima maskini. Uhusiano wao unasadikika kwa sababu mwandishi anauweka shambani, katika kazi inayofanywa na watu wawili.

Kumwona mwingine

Kava ya cheni inaonyesha pia sharti ambalo historia peke yake hailitaji. Iris Murdoch, mwanafalsafa aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya, alieleza katika insha ya mwaka 1959 kwamba mapenzi ni kutambua, kwa taabu kubwa, kuwa kuna kitu halisi kisichokuwa nafsi ya mtu mwenyewe. Kwake sanaa na maadili yanakutana hapo: mwandishi hodari huwaacha wahusika wake wawe watu kamili wasioendeshwa na matakwa yake, na mpenzi wa kweli humwachia mpendwa uhuru huohuo. Ikiwa ni hivyo, mapenzi mengi ya kubuni hayasadikiki kwa kuwa mmoja wa wapenzi hayupo. Yupo kwa jina na kwa umbo, lakini hana shughuli, hana rafiki, hana rai, na hawezi kukataa. Dalili yake ni kwamba akitazamwa katika sura asiyokutana na mpenzi wake, hakuna kinachobaki.

Shafi Adam Shafi alilikwepa kosa hilo katika Vuta n'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa mzee Raza, anatoroka na kupokewa na mwanamke aitwaye Mwajuma. Anapompenda Denge, mwanaharakati anayesakwa na makachero wa serikali ya kikoloni Unguja, msomaji amekwisha kuijua njaa yake, woga wake na jamaa waliomtupa. Naye Denge ana jambo analolipenda kuliko usalama wake, nalo lilikuwapo kabla ya Yasmin. Hawamalizi safari pamoja. Mwishowe Yasmin anaolewa na mwanamume mwingine, Bukheti. Mwisho huo hauyafanyi mapenzi ya mwanzo yaonekane ya uongo. Unaonyesha tu kwamba kila mmoja wao alikuwa na maisha makubwa kuliko uhusiano wao.

Pingamizi moja inastahili kujibiwa. Si kila anayependa anaona sawasawa. Mwandishi Stendhal, mwaka 1822, aliyalinganisha mapenzi na tawi kavu lililotupwa katika mgodi wa chumvi wa Salzburg na kutolewa baada ya miezi likiwa limefunikwa na fuwele zinazometa. Mpenzi haoni tena tawi. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, Charles anapojua maisha aliyoyapitia mpenzi wake Rosa anamwacha. Alichokipenda kilikuwa sura aliyoichora mwenyewe. Hata hivyo mapenzi hayo yanasadikika, kwa kuwa riwaya yenyewe inamwona Rosa hata pale Charles anaposhindwa: msomaji amemfuata tangu nyumbani kwa baba yake Zakaria, aliyemwadhibu kwa barua ya mvulana. Sharti la Murdoch, kwa hiyo, linamfunga mwandishi kuliko mhusika. Mhusika anaweza kudanganyika. Mwandishi akidanganyika pamoja naye, msomaji anabaki na fuwele tu.

Kikwazo

Mwandishi Denis de Rougemont, katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu mapenzi katika nchi za Magharibi, alidai kwamba hadithi za mahaba huishi kwa vikwazo. Katika kisa cha Tristan na Iseult, wapenzi wanapokuwa peke yao msituni pasipo wa kuwazuia, upanga unalazwa kati yao. Alihitimisha kuwa wanachokipenda ni kupenda kwenyewe, na mwisho wa njia hiyo ni kifo. Huenda alizidisha, lakini alitaja hatari iliyopo: kikwazo kilichowekwa ili hadithi iendelee hutambulika mara moja. Barua inapotea, mtu anasikia nusu ya mazungumzo, na jambo ambalo swali moja lingelimaliza linachukua sura kumi. Kikwazo kinachosadikika ni kile ambacho wahusika wangekuwa nacho hata wasingependana, kama vile dini, rangi, urithi, deni au umri. Dola ya kikoloni haikuanzishwa ili kumtenga Denge na Yasmin, na ndiyo maana inapowatenga hakuna anayemshuku mwandishi.

Mila, dini na aina ya hadithi

Kipimo cha historia na cha kumwona mwingine hakidai kwamba mapenzi yote yapite njia moja. Riwaya ya Ulaya ya karne ya 19 ilizoea kuyaweka mapenzi kabla ya ndoa na kufunga kitabu siku ya harusi. Mahali ambapo mshenga hutumwa, posa hupokewa na mahari hukubaliwa kabla wawili hawajazungumza, mapenzi huweza kuanza pale ambapo riwaya hiyo inaishia. Kurani, katika Surat Rum, inayataja mapenzi na huruma kuwa ni vitu ambavyo Mungu amevitia kati ya wanandoa. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unamfundisha binti uangalifu wa kila siku kwa mume: kumtunza alalapo, kumpamba, kujua nini kitamridhisha. Kwa maelezo ya Kolodny, ndoa ya namna hiyo ni uwanja mzuri kabisa wa mapenzi, maana siku zenyewe ndizo zinazoyajenga. Kwa maelezo ya Murdoch, kuna swali linalobaki, kwa kuwa uangalifu unaofundishwa humo ni wa upande mmoja. Mwandishi wa leo anayebuni ndoa kama hiyo hulazimika kuamua kama mume naye anaona, na msomaji atausadiki uamuzi wowote ulioonyeshwa kwa matendo.

Aina ya hadithi nayo hubadili madai. Katika Laila na Majnuni ya mshairi Nizami, iliyokamilika mwaka 1188, Majnuni huzama katika mapenzi mpaka Laila mwenyewe anakuwa kama hahitajiki. Kwa kipimo cha riwaya hilo lingekuwa kosa. Lakini washairi wa Kisufi waliisoma hadithi hiyo kama mfano wa nafsi inayomwelekea Mungu, na katika mfano wa namna hiyo mpendwa wa kibinadamu ni ngazi, kama kwa Diotima. Anayeisoma akidai Laila awe na shughuli zake anadai kitu ambacho kisa hakikuahidi.

Kisichoweza kusimuliwa

Kuna nyakati ambapo mwandishi anajua kuwa historia ya wapenzi haiwezi kupatikana. Abdulrazak Gurnah alilikabili hilo katika riwaya yake ya Desertion, ya mwaka 2005. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, Mwingereza Martin Pearce anaokotwa alfajiri na Hassanali, mwenye duka aliyekuwa akienda msikitini. Baadaye Pearce na Rehana, dada wa Hassanali, wanakuwa wapenzi. Umbali kati yao kwa wakati ule ulikuwa mkubwa mno, na msimulizi, Rashid, anakatiza hadithi na kukiri kwamba hajui ilitokeaje. Badala ya kujifanya alikuwapo, anapima njia mbalimbali ambazo huenda ilipitia. Kukiri huko hakuvunji usadikifu. Msomaji ana watu, nyumba, mji na matokeo yaliyofika hadi kizazi cha Amin, kaka wa Rashid, na mpenzi wake, Jamila. Pengo lililobaki katikati linafanana na mapengo yaliyomo katika habari za mapenzi ya babu na bibi wa mtu yeyote.

Kusadikika na wema

Inabaki kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Mapenzi yanayosadikika si lazima yawe mema. Ya Charles yanasadikika na yanaangamiza. Ya Romeo yanasadikika na yana pupa. Msomaji anayekasirishwa na mhusika anayependa vibaya huenda ametoa hukumu ya maadili akidhani ametoa hukumu ya sanaa, na mwandishi akimtii kwa kuwasafisha wapenzi wake atawapotezea usadikifu bila kuwaongezea wema. Uhusiano kati ya hukumu hizi mbili, hata hivyo, haukatiki kabisa. Kama Murdoch alikuwa sahihi, uwezo unaomwezesha mwandishi kumfanya Rosa aonekane ni uleule ambao Charles aliukosa. Mwandishi anaweza kusimulia mapenzi mabaya kwa usadikifu, mradi yeye mwenyewe, katika kuyaandika, awaone wote wawili.